Mnazi wa Kwenye Debe

Nitaanza na jambo ninaloliogopa kuliko yote, nisije nikalikwepa nikifika katikati. Alasiri moja ya kipupwe, nikiwa na miaka kumi na mitatu, nilimwondolea mdogo wangu mgonjwa moto uliokuwa ukimpasha, nikaupelekea mti. Nilifanya hivyo kwa sababu nilimpenda. Ni miaka minane sasa najaribu kuamua kama sababu hiyo inalipunguza kosa au inalizidisha, na bado sijaamua.

Mti wenyewe ulikuwa mche wa mnazi. Ulipandwa ndani ya debe la mafuta ya taa, ukawekwa ndani ya nyumba karibu na dirisha, katika milima ya Taita ambako minazi haioti. Najua anayesoma ataona ni kichaa kupanda mnazi penye baridi na kuulaza ndani kama mtu. Kwetu lilikuwa jambo lenye maana.

Kwa watu wa mama yangu, huko pwani, kitovu cha mtoto mchanga kikikatika hakitupwi. Hufukiwa ardhini, na juu yake hupandwa nazi iliyokwisha kuchipua. Mti huo huwa wa mtoto yule maisha yake yote. Ukipita shambani kwa nyanya yangu, mzaa mama, utaonyeshwa: huu wa mjomba wako, huu wa mama yako, huu wako. Sisi tulizaliwa Voi, ambako baba alikuwa na duka karibu na stesheni, na Voi ni nchi kavu. Kwa hiyo vitovu vyetu vilifungwa kitambaani, vikapelekwa kwa gari la moshi, nyanya akavipanda. Mnazi wangu niliuona mara moja tu. Niliukumbatia nilipodhani hakuna anayeniona, kisha nikapekua kila jani ambalo mikono yangu ingeweza kulifikia, nikitafuta doa.

Ndivyo nilivyo. Nikifagia, hurudia. Nikifunga mlango hurudi kuushika. Mama alikuwa akisema nilizaliwa na hofu mkononi kama watoto wengine wanavyozaliwa na alama.

Kila nyanya alipopata mtu wa kusafiri naye, alituletea gunia la nazi. Nazi za mti wa kila mtu aliziwekea alama: zangu mkwaruzo wa kisu, za mama mikwaruzo miwili. Katika miaka ya mwisho kabla ya vita zilianza kuja nazi chache zenye doa la masizi. Hizo mama alizitenga bila kusema neno, akampa mke wa jirani. Mimi nilidhani ni mbovu.

Kabla ya mdogo wangu huyu alikuwapo mwingine. Nilikuwa na miaka minne alipozaliwa, na hakutimiza mwaka. Nyumbani kwetu hakutajwa. Kwa kuwa hakutajwa, nilijitungia mwenyewe: kwamba mnazi wake ulinyauka huko shambani, na uliponyauka naye akaenda. Hakuna aliyeniambia hivyo. Lakini nililiwaza mara nyingi mpaka nikaanza kulikumbuka, hata rangi ya majani nikawa naikumbuka.

Kisha vikaja vita vya Wazungu, na katikati yake akazaliwa mdogo wangu. Wajerumani walikuwa wamekalia kilima cha Salaita, kule upande wa Taveta, na walituma watu wao wapite porini usiku kutega baruti kwenye reli. Gari la moshi likawa jambo la bahati. Baba hakutaka kitovu cha mwanawe kipotee njiani. Badala yake nyanya akamtuma mpishi mmoja wa reli atuletee nazi iliyochipua, na maneno haya: tuipande hapo hapo tulipo, kwenye kitu cha kubebeka, na vita vikiisha tumpelekee mti na mtoto pamoja.

"Na kuna neno la binti," mpishi alisema, akinitazama. "Bibi kasema, mti huu atunze yule msichana wangu mwenye utaratibu. Akiutunza mti amemtunza nduguye."

Baba alicheka. "Hiyo mila tu, si dini," alisema. Lakini ni yeye aliyekata mdomo wa debe na kuupiga nyundo usitukate, na ni yeye aliyekwenda mtoni kuchota mchanga. Kitovu kikalala chini, nazi ikakaa juu, nusu ndani nusu nje, na kichipukizi chake kama ncha ya mkuki wa kijani.

Mpishi yule alipeana mkono na baba, akaenda zake. Mimi nilibaki nimechuchumaa mbele ya debe, na hofu ikaniingia ambayo haijatoka kabisa mpaka leo.

Mwisho wa masika Voi ilikuwa imejaa askari, wapagazi, nyumbu na kuhara damu. Reli mpya ya kwenda Taveta ilikuwa ikitandazwa. Kila siku palizikwa watu. Baba akasema yeye abaki na duka, sisi tupande Mbololo, huko milimani, kwa mjane mmoja Mkristo aliyekuwa akimuuzia maharagwe. Tulikwenda na punda wawili. Mmoja alibeba vyombo, wa pili alibeba debe upande mmoja na gunia la mchele upande wa pili ili mizigo ilingane. Mama alimbeba mtoto mgongoni. Mimi nilitembea nyuma ya punda wa pili njia nzima, mkono wangu ukiwa juu ya debe, na kila punda alipojikwaa nilisema Bismillahi kwa sauti.

Asubuhi ya kwanza huko juu nilitoka nje, nikaona moshi unatoka kinywani mwangu. Nilipiga kelele. Mwenyeji wetu, yule mjane, aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe, alikuja mbio na panga mkononi.

"Kwawuka!" aliniamkia hata hapo, kwa Kidawida, lugha ya Wataita. "Nini? Nyoka?"

"Naungua ndani," nilimwambia.

Alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Hiyo ni baridi, mtoto. Huku kila mtu anatoka moshi, hata padri." Kisha akaliona debe kupitia mlangoni. "Na hii? Mmekuja na shamba yenu kabisa?"

"Ni mnazi," mama alimwambia.

"Mnazi! Hapa hata ndizi ikitaka kuzaa inaomba ruhusa kwanza." Alilizunguka debe, akaligusa kwa ncha ya kidole. "Haya. Tutaona nani atachoka, hii mti ama baridi."

Alisema kwa utani, lakini mimi sikulala vizuri juma zima.

Nyumba yake ilikuwa ya pembe nne, ya udongo, na alitupa vyumba viwili. Cha nje kilikuwa na dirisha dogo la kutazama mawio, cha ndani hakikuwa na dirisha. Cha ndani tulilala. Cha nje niliuweka mnazi, mahali jua la asubuhi lilipoangukia kwa muda mfupi, lilipopatikana.

Hakukuwa na mtu wa kunifundisha kutunza mnazi kwenye baridi. Nyanya alikuwa mbali, na hata angekuwapo, yeye hajawahi kumwonea huruma mnazi. Kwake mnazi hupandwa ukaachwa. Nilijifunza peke yangu, kama nilivyojifunza kusoma herufi za Kizungu. Hizo nilianzia kwenye maandishi yaliyogongwa ubavuni mwa madebe ya dukani, nikiyafananisha na yale ya magunia, mpaka siku moja yakasema. Nikadhani mti nao, nikiutazama sana, utasema.

Niliandika kila kitu kwenye karatasi za kufungia sukari. Niliandika maji nimetia kiasi gani, jua limekaa mpaka saa ngapi, jani limefika wapi. Nilipima jani kwa uzi mweupe wa kushonea, na kila Ijumaa nilifunga fundo pale lilipofikia. Mti ulikuwa ukiinama kuelekea dirishani, nikajua unatafuta mwanga, nikawa naligeuza debe robo moja kila siku tatu. Moshi wa jiko uliyapaka majani masizi, nikawa nayapangusa kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, jani moja moja, juu na chini. Niliona hewa ya chumba ikikauka moto unapowaka, nikaweka bakuli la maji ya moto karibu na shina ili mvuke uupande. Mama alinitazama akasema, "Ungekuwa unaniogesha mimi hivyo ningependa."

Kosa langu la kwanza lilikuwa la maji. Nilisikia tangu utotoni kwamba mnazi hupenda maji, na Voi maji yakimwagwa hukauka kabla hujageuka. Mbololo hayakwenda popote. Na debe halikuwa na tundu, kwa maana baba alilitengeneza lisivuje ndani ya nyumba. Siku ya kumi na tano mwenyeji aliingia, akavuta pumzi, akakunja pua.

"Hii inaoza miguu."

"Haiozi," nilisema. "Nimeipa maji kila asubuhi, sijakosa hata siku moja."

"Ndiyo hivyo. Wewe ukisimama kwa mto kila asubuhi mpaka jioni, utakuwa na miguu?"

Aliliinamisha debe. Yakatoka maji meusi yenye harufu ya mayai mabovu. Nilitapika, kweli nilitapika, pale pale kizingitini, kwa kuwa usiku uliopita mdogo wangu alikuwa ameharisha. Mwenyeji alinipa msumari na jiwe, akanishikia debe nitoboe matundu chini. Jioni ile tumbo la mtoto likatulia.

Basi nikawa na ushahidi. Naomba anayesoma anielewe hapa. Ncha ya jani ilipopata rangi ya kahawia, mtoto alipata mafua siku hiyo hiyo, nikaandika. Jani jipya lilipofunguka, mtoto alitoa jino, nikaandika. Siku ambazo mti ulikuwa vibaya na mtoto mzima, au mtoto mgonjwa na mti mzima, zilikuwapo pia, nyingi, lakini hizo sikuziandika. Karatasi ninazo bado. Nikizisoma leo naona jinsi msichana mwenye utaratibu anavyoweza kujidanganya kwa utaratibu.

Kipupwe kilipoingia, ukungu ulishuka ukakaa. Kuna siku tano mfululizo sikuona mti wa mparachichi uliokuwa hatua ishirini kutoka mlangoni. Nguo hazikukauka. Mama alileta makaa kwenye seredani, ile tuliyotoka nayo Voi kwa ajili ya kuchomea udi, akaiweka chumba cha ndani karibu na kitanda, mlango ukiwa wazi kidogo kwa ajili ya hewa. Mtoto alikuwa ameanza kikohozi kizito. Alikohoa kwa mwili mzima, magoti yakipanda mpaka kifuani.

Mnazi ulikuwa na majani manne, na katikati yake jani la tano, bado limekunjwa, jembamba, limesimama wima. Kwa majuma mawili halikupanda hata unywele. Fundo la Ijumaa liliangukia juu ya fundo la Ijumaa iliyotangulia. Nikaufunika mti kwa leso jioni na kuufunua asubuhi. Nikaumwagia maji ya vuguvugu, kijiko kimoja, nusu kijiko. Nikatia chembe ya chumvi, kwa sababu niliwahi kuona nyanya akitia chumvi shimoni, kisha nikashinda siku nzima nikijaribu kuitoa chumvi ile kwa vidole.

Siku yenyewe mama alishuka sokoni kumpokea mwenye punda, aliyekuwa akileta gunia kutoka kwa baba. Ilikuwa adhuhuri imepita. Alimlaza mtoto, akamfunika blanketi letu moja zito, akaisogeza seredani karibu.

"Usiiondoe hapa," alisema. "Makaa yakifa ongeza. Akilia mbebe. Narudi kabla ya alasiri kwisha."

"Ndiyo mama."

"Nitazame. Usishughulike na mti wako leo."

"Ndiyo mama."

Nilikaa kando ya kitanda kwa muda, sijui muda gani. Kisha nikasema niende nikautazame tu. Ukungu ulikuwa umeingia mpaka ndani, dirisha lilikuwa jeupe. Nililigusa jani la katikati, taratibu, kama nilivyoligusa kila siku. Likanifuata mkononi. Lilitoka lote, bila nguvu yoyote, kama unavyochomoa ukindu wa jamvi bovu, na mwisho wake ulikuwa laini, wa rangi ya kahawia, na ulinuka.

Kule ndani mtoto alikohoa.

Siwezi kueleza niliyoyawaza kwa sababu sikuwaza. Mikono ilikwenda yenyewe. Niliingia ndani, nikaishika seredani kwa ncha za leso yangu, nikaitoa, nikaiweka chini ya mnazi. Nikarudi nikalivuta blanketi kutoka kwa mtoto, nikamwachia shuka, nikalitundika blanketi juu ya mti kwa vijiti viwili, likawa kama hema. Nikaingia ndani ya hema pamoja na mti. Nikalirudisha lile jani lililooza mahali pake, nikalishikilia lisimame. Joto lilikuwa zuri. Nikasoma kila sura niliyoijua.

Mtoto alilia. Nilimsikia. Nilimwambia kwa sauti, "Subiri kidogo, nakutengeneza." Maneno hayo ndiyo niliyosema. Alilia kwa nguvu, kisha akalia kwa udhaifu, kisha akanyamaza.

Aliponyamaza, nilishukuru. Nilidhani mti umeanza kupona.

Aliyeingia kwanza ni mwenyeji, akitoka kuchuma maharagwe, nguo zimemlowa. Alisimama akaliona blanketi linatoa mvuke katikati ya chumba.

"Wewe! Unafanya nini huko?"

"Naupasha moto."

"Unapasha nini? Mtoto iko wapi?"

"Yuko ndani. Amelala. Amepata nafuu."

Aliingia. Kisha alitoka na mdogo wangu mikononi, na shuka imemdondoka, na nikaiona midomo yake. Ilikuwa na rangi ya wino. Mwenyeji hakunipiga wala hakunitukana. Alivua nguo yake ya juu iliyolowa, akamvua mtoto, akambandika kifuani pake, ngozi kwa ngozi, akakaa chini mbele ya seredani na kuliangusha lile hema kwa mkono mmoja.

"Blanketi. Nifunike mgongo. Haraka. Sasa sugua miguu yake. Sugua, usilie, kulia baadaye."

Nilisugua. Nyayo zake zilikuwa baridi kama chura. Nilisugua mpaka viganja vikaniuma, na nilikuwa nahesabu, hata hapo nilikuwa nahesabu. Nilifika mia tatu na kitu alipokohoa.

Mama alitukuta hivyo. Alisimama mlangoni na gunia la baba kichwani, akatutazama sisi watatu sakafuni, akalitazama blanketi, akautazama mnazi, ambao majani yake ya upande wa makaa yalikuwa yamebabuka. Alielewa yote bila kuuliza. Alilitua gunia polepole sana. Sijawahi kuogopa kitu kama nilivyoogopa utaratibu ule wa kutua gunia.

Kwa siku mbili hakunisemesha. Mtoto alikuwa na homa, na wao wawili walipokezana kumshika kifuani. Mimi sikuruhusiwa kumgusa. Hakuna aliyenikataza, ila nilipokaribia mama alimhamishia upande wa pili. Nilikaa chumba cha nje na ule mti, sikuupa maji, sikuugeuza. Nilisubiri. Niliamini kabisa kwamba jani la katikati likishatoka, mnazi umekufa, maana hukulia humo humo moyoni. Na kama mnazi umekufa, basi nilikuwa nikisikiliza kikohozi cha mtu ambaye mwisho wake umekwisha kukatwa. Nilihesabu vikohozi. Kila kimoja nilikidhani cha mwisho.

Siku ya tatu, asubuhi, homa ilimwachia. Alitoka jasho, akaomba titi. Mama alimnyonyesha mpaka akashiba, akampa mwenyeji, akaja akakaa mbele yangu.

"Nani alikwambia mti ukifa mtoto hufa?"

"Nyanya. Alisema nikiutunza nimemtunza."

"Nyanyako alitaka ujisikie mkubwa. Nani mwingine?"

"Hakuna."

"Basi ulilitoa wapi?"

Kisha nikasema lile lisilosemwa. "Yule mwingine. Mnazi wake si ulikauka?"

Nilidhani atanipiga kofi. Badala yake aliinuka, akalivuta gunia, akapekua, maana baba alikuwa ametuletea na nazi chache za nyanya zilizofika Voi. Akatoa moja. Ilikuwa na doa la masizi.

"Unaijua hii?"

"Zile mbovu unazomgawia mke wa jirani."

"Si mbovu." Aliigeuzageuza mapajani. "Hizi zake. Mti wake ulianza kuzaa mwaka juzi, kabla ya wakati, na haujaacha. Haujawahi kuugua. Hauna hata jani la njano. Nyanyako huzitia alama akidhani ananifariji. Mimi najiuliza, mti una nini, mti unanawiri hivi, na mwanangu yuko wapi? Nitaikunaje? Nitaitia kwenye wali wa nani?"

Mwenyeji alikuwa akisikiliza, mtoto begani.

Ningependa kuandika kwamba moyo wangu ulitua. Ungetua kwa mtu mwingine. Mimi nilishikwa na hofu kubwa kuliko ya kwanza. Maadamu niliamini mdogo wangu amefungwa kwenye debe, nilikuwa na la kufanya: maji, kitambaa, uzi. Sasa mama ananionyesha kwamba mti huweza kusimama miaka tisa ukizaa na mtoto asiwepo. Maana yake mimi sikuwa nimeshika chochote. Hakukuwa na fundo la kufunga. Mama akaniwekea mkono shingoni, mara ya kwanza tangu siku ile.

"Lete mbuzi," alisema.

Nilileta mbuzi ya kukunia nazi. Aliipasua ile nazi kwa kisogo cha panga la mwenyeji, pigo moja, maji akayakinga kwa kikombe. Akaketi, akaanza kukuna. Alikuna akilia bila sauti, na nazi ikaanguka nyeupe, safi, nzito kwa mafuta. Tulikamua tui, tukapika uji. Mama aliupoza kijiko kwa kijiko, akampa mdogo wangu. Alikula kwa pupa, akakishika kijiko asikiachie.

"Huyu anakula kama askari wa Voi," mwenyeji alisema.

Mama alinisogezea bakuli. Nilikula nikiogopa, lakini nilikula.

Mnazi wa debe haukufa siku ile wala wiki ile. Ulichukua muda wake, jani moja moja, kutoka nje kwenda ndani. Nazi ile iliyokuwa ikiulisha ilipobaki kumbi tupu, ukalala. Hakuna aliyeniambia niuondoe, na mimi nilishindwa. Mwishowe mwenyeji alilibeba debe mwenyewe, akalimwaga lote chini ya mgomba wake ulio karibu na zizi, udongo, mchanga wa mto Voi na kile kilichokuwamo.

Mama alishtuka. "Kitovu cha mwanangu!"

"Udongo ni udongo," mwenyeji alisema, akiukanyaga kwa mguu. "Sasa huyu si wenu tena. Ni Mdawida. Akiwa mkubwa atakuja kulima hapa, na mahari nitachagua mimi."

Mama alimtazama, kisha akacheka, kicheko kibaya, cha kukatikakatika, kama mtu aliyesahau kinavyofanywa. Debe tupu tulichotea maji, lakini kwa matundu yangu lilivuja njia nzima.

Sasa tumerudi Voi. Vita vimekwisha, magari ya moshi yanakwenda mpaka Taveta. Mdogo wangu yuko chuo cha Kurani, ana miaka minane na nusu, magoti yake hayana ngozi. Hajui habari hii. Nimeiandika ili ajue, kisha nimeiandika tena kwa sababu mara ya kwanza palikuwa na mistari miwili iliyopinda.

Ule uzi wenye mafundo sikuutupa. Tuliporudi nilianza kumpima yeye, kila Ijumaa, amesimama kwenye mlango wa duka. Ijumaa iliyopita nilimwita, akaja akihema, mpira wa matambara kwapani, wenzake wanamngoja barabarani.

"Tena, dada? Juzi si ulinipima?"

"Simama wima."

"Nikikua utaambiwa. Utaona suruali."

Nilikuwa nimeushika uzi kwenye kisigino chake. Alikohoa, vumbi tu la barabarani. Nilingoja kikohozi cha pili. Hakikuja. Wenzake wakapiga mluzi.

"Dada, naenda."

"Nenda," nilisema, na akawa ameshakwenda kabla sijalifunga fundo.